Kilomita Ngapi Hadi kwa Mkunga? Historia ya Haki ya Matibabu, Kuanzia Mbangala

SEHEMU YA 1: Kwanini tunaanzia Mbangala

 

Wiki hii hatuongelei uji wa lishe wala ratiba ya chanjo. Tunaongelea historia. Kuna swali wajawazito huniuliza sana: "Nesi, kwanini mwenzangu wa mjini anaenda kujifungua kwa bajaji dakika kumi, mimi naambiwa nitoke nyumbani wiki mbili kabla?" Ni swali la haki kabisa, na jibu lake lina zaidi ya miaka mia moja. Nitalijibu kidogo kidogo, sehemu tisa.

Wasioijua Mbangala: ni kata ya Wilaya ya Songwe, huku bondeni upande wa Ziwa Rukwa, makao makuu ya wilaya yakiwa Mkwajuni. Huku ni nchi ya Wabungu, na miaka ya karibuni wamekuja wafugaji wa Kisukuma na ng'ombe wao, na wachimbaji wadogo wanaofuata dhahabu. Kuna kaya zilizokaa pamoja kijijini, kuna kaya ziko mbali porini na mifugo, na kuna kambi za machimbo ambazo mwaka huu zipo hapa na mwakani zimehama. Kabla ya 2016 tulikuwa Chunya, Mkoa wa Mbeya. Mwaka huo ukazaliwa Mkoa wa Songwe, makao makuu Vwawa.

Sasa fikiria mama wa huku uchungu umemshika usiku wa masika. Anaanzia zahanati. Ikishindikana, anapelekwa kituo cha afya au hospitali, kwa mfano ile ya misheni ya Mwambani. Ikishindikana na hapo, ni safari ya kupitia Galula mpaka Mbalizi, kisha Mbeya mjini, kwenye hospitali ya wazazi ya Meta. Kila hatua hapo katikati ina barabara, ina mafuta ya gari, ina hela.

Wengi tunaona umbali huo kama mvua au jua, kitu cha Mungu. Mimi nasema sehemu kubwa ya umbali huo ni maamuzi ya watu. Kuna walioamua hospitali ijengwe wapi, nani alipie na nani asamehewe. Tuwafuate hao walioamua.

SEHEMU YA 2: Hospitali ya nani?

Hospitali za kwanza za serikali nchini kwetu hazikujengwa kwa ajili ya bibi zetu. Wajerumani walipojenga hospitali ya Ocean Road pale Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa kwenye hospitali nyingine, iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Mhindi wa Bagamoyo aitwaye Sewa Haji. Yaani mji mmoja, ugonjwa mmoja, vitanda viwili tofauti kulingana na rangi ya ngozi.

Waingereza walipoingia baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia hawakuvunja utaratibu huo. Serikali iliangalia kwanza maofisa wake, askari, na vibarua waliohitajika mashambani na migodini. Dhahabu ya Lupa, jirani zetu wa Chunya, ilivuta maelfu ya watu miaka ya 1920 na 1930. Mwanaume mwenye mkataba wa kazi alihesabiwa. Mke wake aliyebaki kijijini akiwa na mimba hakuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 zilianza zahanati ndogo chini ya tawala za wenyeji. Aliyekuwa akitibu pale aliitwa dresa. Wazee wetu bado wanalikumbuka jina hilo. Dresa alifundishwa kusafisha vidonda na kutoa dawa chache. Alisaidia watu wengi, lazima tumpe heshima yake. Ila zahanati ile ililipiwa na hazina ya utawala wa eneo husika. Kwa hiyo sehemu zenye kahawa, kama Kilimanjaro na Bukoba, ziliweza kufanya mengi. Sehemu kavu, zenye watu wachache na mazao machache ya biashara, zilibaki nyuma. Ukiona leo ramani ya hospitali za zamani imejaa upande fulani na imekuwa tupu upande mwingine, ujue chanzo ni hicho.

Pengo hilo huku kwetu lilizibwa na misheni. Wamoraviani walikuwa Mbozi na Isoko kule Ileje, Wakatoliki wakawa Galula na baadaye Mwambani. Masista na wakunga wao waliokoa watoto wengi. Lakini misheni ilienda ilikopata ardhi na waumini, sio lazima ilikokuwa na wajawazito wengi. Kwa hiyo bibi yako kuwa karibu na huduma ilikuwa bahati. Alikozaliwa kuliamua.

SEHEMU YA 3: Madaktari 12

Tukapata uhuru Desemba 1961. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba siku ile nchi nzima ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Kumi na wawili, jamani. Leo hata hospitali moja ya mkoa ingelalamika kwa idadi hiyo.

Mwaka 1964 ikatoka ripoti ya kundi la wataalamu wakiongozwa na Profesa Richard Titmuss wa Uingereza kuhusu huduma za afya Tanganyika. Walichosema kwa ufupi: msijaze fedha kwenye hospitali kubwa za mjini. Jengeni vituo vya afya vijijini, wekeni nguvu kwenye kinga, fundisheni watumishi wa ngazi ya kati wengi.

Ushauri ulikuwa mzuri, ila hospitali kubwa ina mvuto wake. Ina ghorofa, ina uzinduzi, mgeni akija anaonyeshwa. Miaka ile ile ya 1960 mipango ya hospitali kubwa iliendelea, na mwaka 1971 zikafunguliwa KCMC kule Moshi na Bugando kule Mwanza. Sizisemi vibaya. Zimetibu wengi na zimetufundishia madaktari. Nasema tu kwamba shilingi iliyoenda huko haikuweza kwenda tena Mbangala.

Azimio la Arusha la Februari 1967 liligusa jambo hili moja kwa moja. Lilisema hospitali zikijengwa mjini kwa mkopo wa nje, wanaofaidi ni wachache wa mjini, lakini mkopo unalipwa kwa mazao ya mkulima wa kijijini. Soma tena sentensi hiyo taratibu. Mama anayelima ufuta anamlipia mwenzake kitanda ambacho yeye hatakilalia.

Mwaka 1971 mkutano mkuu wa TANU ukaamua: kipaumbele kiende vijijini, kwenye maji, elimu na afya. Hapo ndipo bajeti ilipoanza kufuata maneno.

SEHEMU YA 4: Miaka ambayo kliniki ilifika kijijini

Kama mama yako alizaliwa miaka ya 1970 na ana kadi ya zamani ya kliniki kwenye sanduku, sehemu hii ni ya kwake.

Mwaka 1973 redio ilianza kampeni iliyoitwa "Mtu ni Afya". Kwa wiki 12 watu walikaa kwenye vikundi, wakisikiliza kipindi na kusoma kijitabu, halafu wakijadili: malaria, kuhara, minyoo, kichocho. Baada ya majadiliano, kazi: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi. Takribani watu milioni 2 walishiriki. Hakukuwa na intaneti wala simu ya mkononi, redio moja watu ishirini.

Miaka hiyo hiyo vituo vya afya viliongezwa, kutoka kama hamsini hivi mwanzoni mwa muongo hadi zaidi ya 200 ilipofika 1980. Zahanati ziliongezeka pia kwa mamia. Huduma ya mama na mtoto ikaanzishwa rasmi, wasichana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa miezi 18 wawe wahudumu wa kliniki za wajawazito na watoto. Mpango wa Taifa wa Chanjo ukaanza 1975. Ile desturi ya kumpeleka mtoto kwenye mzani kila mwezi, ambayo leo tunaiona kama imekuwepo tangu dunia ianze, ilijengwa na kizazi hicho.

Tusipambe. Kulikuwa na Operesheni Vijiji, 1973 mpaka 1976. Serikali ilisema watu wakikaa pamoja ni rahisi kuwapelekea maji, shule na zahanati, na hoja hiyo ina ukweli. Lakini watu wengi walihamishwa kwa nguvu, wakaacha nyumba na mashamba yao. Na baadhi walifika kwenye kijiji kipya kabla zahanati waliyoahidiwa haijafika.

Pamoja na hayo, mwishoni mwa miaka ya 1970 karibu robo tatu ya Watanzania walikuwa wanaishi ndani ya kilomita 5 kutoka kituo cha huduma, na zaidi ya tisa katika kila kumi ndani ya kilomita 10. Kwa nchi maskini hilo lilikuwa jambo kubwa. Mwaka 1978 dunia ilipokutana Alma-Ata na kutangaza huduma ya afya ya msingi kwa wote, Tanzania ilikuwa imeshaanza.

Basi kama tulifika pale, kwanini wanawake waliendelea kufa wakijifungua? Hilo ndilo la sehemu inayofuata.

SEHEMU YA 5: Kilomita 10 hadi kwa nani?

Hapa naomba mama zangu mnisikilize vizuri, maana ndipo penye kiini.

Kilomita 5 au 10 zile zilipimwa hadi kituo cha huduma chochote. Zahanati inampima mjamzito, inatoa dawa za malaria, inachoma chanjo, inamzalisha mama ambaye uzazi wake umekwenda sawa. Zahanati haifanyi upasuaji. Haiongezi damu.

Wataalamu wa uzazi hukadiria kwamba katika kila wajawazito 100, karibu 15 watapata tatizo kubwa. Mtoto kukaa vibaya, kifafa cha mimba, kondo kung'ang'ania, damu kumwagika baada ya kujifungua. Na hatuwezi kujua kwa uhakika ni yupi kati ya hao 100. Aliyezaa wanne salama anaweza kupata shida wa tano. Ndiyo maana tunasema kila mimba ni ya kuangaliwa.

Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Saa mbili! Sasa pima Mbangala kwa saa, achana na kilomita. Kumtafuta mwenye pikipiki au gari, nusu saa au zaidi. Kutafuta hela ya mafuta kwa jirani. Mto umejaa, msubiri ushuke. Kwenye karatasi za serikali mama huyu anahesabika yuko karibu na huduma, kwa sababu zahanati ipo. Kwa mwili wake yuko mbali sana.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika makala iliyotufundisha wauguzi dunia nzima kuangalia ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni nyumbani: kuchelewa kuamua kwenda. Wa pili ni njiani: kuchelewa kufika. Wa tatu ni hospitalini: umefika, lakini unachelewa kuhudumiwa, hakuna damu, hakuna mtaalamu, hakuna glovu.

Kwa miaka mingi lawama zote tuliweka kwenye ule wa kwanza. "Hawa akina mama wa vijijini wakaidi, wanapenda wakunga wa jadi." Kumbe mama mwenye akili timamu huangalia mambo yote matatu kwa pamoja. Kama anajua njia ni mbaya na akifika atakuta mlango umefungwa, kubaki nyumbani kwa mkunga anayemfahamu kunaonekana kuna afadhali. Ukitaka abadili uamuzi, badilisha njia na badilisha anachokikuta akifika.

SEHEMU YA 6: Kigoma, miaka migumu

Mtu anaweza kusema: sawa nesi, lakini nchi haikuwa na hela. Nami nawapeleka Kigoma.

Mnakumbuka wenyewe au mmesimuliwa miaka ya mwanzoni mwa 1980. Vita ya Kagera imekwisha juzi, sukari kwa foleni, sabuni hakuna, mafuta hakuna. Dawa za zahanati zilikuwa shida mpaka mwaka 1983 na 1984 ulipoanza mpango wa dawa muhimu, wa kupeleka makasha ya dawa vijijini kwa msaada wa Denmark kupitia UNICEF. Kigoma ilikuwa mwisho wa reli. Mbali kama sisi, pengine zaidi.

Pale hospitali ya mkoa, Maweni, alikuwepo daktari Mtanzania, Godfrey Mbaruku. Mwaka 1984 vifo vya wajawazito na wazazi pale hospitalini vilikuwa 933 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Yeye na wenzake walikaa chini wakauliza: wanakufa kwa nini hasa? Wakapitia kifo kimoja kimoja. Halafu wakaanza kurekebisha kile walichoweza kwa vitu vilivyokuwepo. Vifaa vibovu vikatengenezwa. Watumishi wakafundishwa pale pale kazini. Damu ikatafutwa kwa kuhamasisha watu wachangie. Walikuwa na hatua 22, nyingi za gharama ndogo.

Mwaka 1991 idadi ilikuwa imeshuka hadi 186.

Matokeo hayo yalichapishwa 1995, na yanasomwa mpaka leo vyuoni. Kwangu mimi yana funzo moja kubwa kuhusu haki. Kigoma haikusubiri kuwa tajiri. Kuna watu walikataa kuona kifo cha mama kama jambo la kawaida, wakakiandika, wakakijadili, wakajiuliza wangeweza kufanya nini tofauti.

Na kuna jingine. Sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi kwenye hospitali zetu za mikoani na wilayani umefanywa kwa miaka mingi na madaktari wasaidizi, ambao nchi yetu ilianza kuwafundisha miaka ya 1960. Bila wao wanawake wengi wa vijijini wasingepata kisu cha kuwaokoa. Ule ushauri wa 1964 wa kufundisha watumishi wa kati ulizaa matunda hapo.

SEHEMU YA 7: Bure, lakini uje na glovu

Julai 1993 serikali ilianza utaratibu wa kuchangia gharama za matibabu. Ulianzia hospitali kubwa, ukashuka hadi za wilaya, na miaka ya 2000 ukafika kwenye vituo vya afya na zahanati. Nchi ilikuwa imebanwa na madeni na masharti ya kupunguza matumizi. Wafadhili walisema: mwananchi akichangia kidogo, huduma itakuwa bora.

Tangu mwanzo kulikuwa na msamaha. Wajawazito wasilipe. Watoto chini ya miaka 5 wasilipe. Baadaye wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wakawekwa. Kwa maandishi, mama wa Mbangala hakutakiwa kutoa hata senti ili ajifungue.

Mnajua wenyewe kilichotokea. Bure ilikuwepo, lakini stoo ilikuwa tupu. Mama akaambiwa aje na glovu, pamba, wembe, uzi, mpira wa kutandika, sindano. Orodha hiyo mwenye duka la dawa anaijua kwa kichwa. Kituo kilichosamehe malipo hakikurudishiwa fedha ile kwa wakati, kwa hiyo kila mama aliyesamehewa aliongeza pengo kwenye stoo. Muuguzi akabaki katikati: sera inasema usimdai mama, na mkono hauna glovu. Wengine kati yetu tukawa wakali kwa mama badala ya kuwa wakali kwa aliyeacha stoo tupu, na hiyo ni aibu ya kada yetu yote.

Ukaja Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF. Ulijaribiwa Igunga katikati ya miaka ya 1990, ukawekewa sheria 2001. Wazo zuri: kaya inalipa mara moja kwa mwaka, ikiwezekana baada ya mavuno, inatibiwa mwaka mzima. CHF iliyoboreshwa ya 2018 ikawa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6. Shida ikabaki palepale. Ukiwa na kadi na kituo hakina dawa, mwakani hulipi tena.

Kwa watoto kulikuwa na Toto Afya Kadi ya Bima ya Taifa, shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 utaratibu wa kumsajili mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, wazazi wengi wakalia. Naitaja ili tujue kitu: haki iliyotolewa kwa waraka huweza kuondolewa kwa waraka. Mwisho wa mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hiyo ni sheria, ina uzito zaidi. Kazi yetu ni kuiangalia inavyotekelezwa, hasa sehemu inayomhusu asiye na uwezo wa kulipa.

SEHEMU YA 8: Ahadi, utepe mweupe na namba 115

Mwaka 2007 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM. Ulikuwa na lengo rahisi kulikumbuka: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Wananchi walibeba mawe, mchanga na maji, wakafyatua tofali. Majengo mengi yalisimama mpaka kwenye lenta yakasubiri bati, na mengine yaliezekwa yakasubiri muuguzi. Mkikuta boma la zahanati lenye miti imeota ndani, hiyo nayo ni historia.

Mwaka 2008 serikali iliahidi kwamba ifikapo 2015 nusu ya vituo vya afya viwe vinafanya upasuaji wa dharura kwa wajawazito. Wanaharakati wa Utepe Mweupe, wakiongozwa na Rose Mlay, wakaikumbusha ahadi hiyo kupitia kampeni ya "Wajibika Mama Aishi". Walienda wapi? Rukwa, majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Walitembelea vituo, wakaangalia nini kipo na nini hakipo, wakawakalisha wananchi na viongozi wao pamoja, wakauliza kuhusu bajeti. Hawakuomba kitu kipya. Walidai kilichokwishaahidiwa.

Kuanzia 2017 vituo vya afya vingi nchini vilikarabatiwa na kujengewa vyumba vya upasuaji. Halafu ukaja usafiri wa dharura, m-mama. Ulianzia Kanda ya Ziwa, ukazinduliwa kitaifa 2022. Unapiga 115, bure. Anayepokea anatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo karibu anampigia dereva wa kijamii aliyesajiliwa, ambaye analipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama. Huo ni ucheleweshaji wa pili, ule wa njiani, umepatiwa dawa.

Matokeo? Mwaka 2004/05 wanawake 47 kati ya 100 walijifungulia kituoni. Mwaka 2022 walikuwa 81. Vifo vya uzazi vilikadiriwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16, na 104 kwenye ule wa 2022. Ni makadirio, lakini mwelekeo ni wa kushukuru.

Ila wastani wa taifa una tabia ya kuwaficha watu. Bado wapo 19 kati ya 100 ambao hawakufika. Ni akina nani? Wa porini na ng'ombe. Wa machimboni. Binti wa miaka 16 anayeona aibu. Mke ambaye hela ya nyumbani haishiki yeye. Na vijiji vingi nchini viliweka faini kwa anayejifungulia nyumbani. Nia ilikuwa njema. Ila anayelipa faini ni yule yule aliyekosa nauli. Mto umejaa, amezaa njiani, kesho yake anadaiwa. Na akiogopa faini, hamleti hata mtoto kwenye chanjo. Hapo tumemfanya akae mbali zaidi.

SEHEMU YA 9: Historia hii tunaifanyia nini

Tumetoka kwenye hospitali ya rangi ya ngozi, tukapita kwa dresa, redio ya kijiji, kasha la dawa, risiti ya kuchangia, boma lisiloezekwa, mpaka 115. Kila mara huduma iliposogea karibu na mama, kuna mtu aliamua na kuna watu walidai. Kila mara iliporudi nyuma, pia kuna mtu aliamua. Kwa hiyo na sisi tuna nafasi ya kuingia kwenye maamuzi. Haya ndiyo ninayowaomba.

Kwanza, ijue haki yako. Huduma za mjamzito, kujifungua, na mtoto chini ya miaka 5 kwenye vituo vya serikali zina msamaha kisera. Ukidaiwa, uliza kwa utulivu: "Nalipia nini, na naomba risiti." Bado fungasha vitu vyako vya kujifungulia, maana usalama wako kwanza, lakini usikae kimya kuhusu stoo tupu.

Pili, kila zahanati na kituo cha afya kinatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Waulize ni akina nani kwenye kijiji chako. Mkutano wa kijiji ukiitwa, nendeni mama zangu, hata na mtoto mgongoni, muulize fedha za kituo zimetumikaje. Mkipendekeza jambo, pendekezeni nyumba ya kusubiria kujifungua karibu na kituo chenye upasuaji, ile wengine wanaiita mama ngojea. Hiyo inamsaidia wa porini kuliko faini.

Tatu, panga safari mapema. Ukifika miezi saba uwe umejua utajifungulia wapi, nani atabaki na watoto, nani atachangia damu, na pikipiki au gari la nani litaitwa usiku. Baba, hii ni kazi yako pia. Andikeni 115 nyuma ya kadi ya kliniki.

Nne, zijue dalili ambazo haziwezi kusubiri asubuhi: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona ukungu au maruweruwe, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, chupa kuvunjika kabla ya uchungu, mtoto kupunguza kucheza. Ukiona hata moja, ondoka.

Tano, mlete jirani yako. Kuna dada yuko kambi ya machimbo hana kadi. Kuna mke wa mfugaji hajui Kiswahili vizuri na anaogopa kuchekwa. Mshike mkono uje naye kliniki. Nasi wauguzi tumpokee kama tunavyompokea mke wa mkurugenzi.

Akina mama wenye mama zao na bibi zao hai, leo jioni waulizeni: mlijifungulia wapi, na nani aliwasaidia? Wadogo zangu wasikilizeni vizuri, maana mengi ya historia hii hayajaandikwa popote, yako kwao.

Kliniki ya wajawazito wiki hii ni kama kawaida. Njooni mapema, na kadi.